Jubile ya Ng'ambo Mbili

Ninyi vijana mnaosimama mjini na simu zenu, mkinyoosha mkono na kujipiga foto wenyewe, nawaangalia nikipita na moyo unafurahi. Siwaonei wivu. Kazi niliyoifanya mimi tangu ujana mpaka magoti yalipokataa, ninyi mnaifanya huku mnakula ndizi. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani mtu alikuwa anaitwa mpigafoto, na kwamba hiyo peke yake ilikuwa kazi ya kulisha nyumba. Nikaona heri niandike kidogo kabla sijasahau.

Jina langu la ubatizo limebaki kanisani. Ruashi nzima, hapa Lubumbashi, inanijua kama Maman Foto. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alitoka kaskazini ya Katanga, na masista ndio walionifundisha Kiswahili hiki cha kitabu ninachowaandikia. Ila watu nikiwasimulia nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa kwetu. Na hapa kwetu hatusemi kupiga foto, tunasema kupika. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwa biashara ya magari, karibu anifungie mlango siku nilipobisha kwake na kumwambia kwa heshima zote kwamba nimekuja kumupika bibi yake.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Gaston, mwenye studio ya ukuta mweupe. Alikuwa mtu wa maneno machache na makoti mengi. Siku moja alinichukua twende kupiga watoto wa komunyo ya kwanza. Akawapanga mistari, akawapiga kutoka kushoto, kutoka kulia, akapanda juu ya kiti, akashuka. Tulipomaliza nikaona kifuniko cha lenzi bado kiko mahali pake. Zile apareyi za foto za zamani ulikuwa unachungulia kwa kidirisha cha pembeni, si kwa lenzi yenyewe, kwa hiyo jicho lako linaona vizuri wakati filamu ni kipofu. Nilimnong'oneza. Hakugeuka hata shingo. Aliwaambia wazazi kwa sauti ya upole kwamba jua limekuwa kali, na kwamba foto za namna hii hupigwa mara mbili. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kupewa limonadi ya machungwa. Mpaka leo kuna watu wazima hapa mjini, wengine wenye vyeo, ambao foto yao ya komunyo ina doa la machungwa kifuani.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia: “Makosa inafikiaka kila muntu. Shida ni sura. Ukionyesha sura ya makosa, banakufukuza.”

Mengine aliyonifundisha yalihusu jua, na jua ndilo linalonileta kwenye safari ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka ule mvua ilichelewa kuliko tulivyowahi kuona. Wakulima wa Annexe, pembezoni mwa mji, walilima mistari yao, wakapanda, mahindi yakachomoza na kukauka, wakapanda tena. Mchana bati za nyumba zilikuwa zinalia peke yake. Lami iling'ang'ania viatu. Mbwa walilala chini ya magari yaliyosimama, na gari likiondoka walihamia chini ya jingine. Katika joto la namna ile apareyi ya dijitali inachoka kama mtu, inazimika na kukuomba upumzike. Yangu niliiweka ndani ya kikapu, nikaifunika kitambaa cheupe, kamwe si cheusi, na sikumruhusu mtu kuiweka mbele ya kioo cha gari.

Na mtu usimpige juani saa sita. Jua la utosini linamchimbia mashimo machoni, mtu anatoka kama aliyetoka kaburini. Mpeleke kivulini, ila kivuli kinachotazamana na ukuta mweupe, ili mwanga umrudie taratibu. Barabarani hakuna kuta nyeupe, lakini mimi nilikuwa na kamyo, lori jeupe la Papa Kazadi.

Papa Kazadi alikuwa mfanyabiashara, watu wake wanatoka Kasai, na kamyo yake nyeupe ilikuwa inapeleka sabuni, chumvi na sukari Kasomeno kwenye barabara ya Kasenga, inarudi na makala, yaani makaa ya kupikia, na samaki wa Luapula. Mimi nilikuwa na wateja wa parokia na shule njia nzima, basi tulisafiri pamoja miaka mingi. Alikuwa hatukani barabara, alikuwa anaiimbia. Barabara ikiwa nzuri alinyamaza. Ikianza mashimo aliimba nyimbo za Bikira Maria. Ukimsikia ameingia nyimbo za Kwaresima, shika kitu.

Siku ya safari hiyo tulipakia Ruashi asubuhi, na kulikuwa na abiria mmoja wa heshima: Papa Mwansa. Huyu alikuwa amefanya kazi mgodini mpaka kustaafu, kisha akarudi kwao Kasomeno kulima. Alikuwa amekuja mjini kwa jambo moja tu, kuchukua suti yake kwa fundi. Jumapili iliyokuwa inakuja yeye na bibi yake, Maman Chola, walikuwa wanafanya jubile ya miaka hamsini ya ndoa. Padri angewabariki upya mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyeitwa kupiga. Foto ya ndoa yao ya kwanza haikupatikana kamwe. Mpigafoto wa siku ile alialikwa, akala, akanywa, akalala, na walipomwamsha jua lilikuwa limekwisha kwenda.

“Maman Foto,” akaniambia tulipokuwa tunapanda, “shiye tulingoja hii foto tangu ujana. Weye usilale.”

Nilimwahidi. Suti ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko aliukalisha kwenye kiti cha kabini, kati ya dereva na mimi, wakati yeye mwenyewe alipanda nyuma juu ya magunia ya chumvi. Nilimwomba tubadilishane. Alikataa, akasema huko juu suti itachafuka.

Tulikwenda vizuri, Papa Kazadi kimya, vumbi jekundu nyuma yetu. Baada ya chakula cha mchana mbingu za upande wa Zambia zikawa nyeusi kama chungu. Nilifurahi. Nilisema wakulima wetu watapona. Kisha yakaja mawe. Mvua ya mawe naijua, lakini yale yalikuwa makubwa kama ndimu, yakipiga kabini mpaka hatukusikiana. Papa Mwansa alishuka nyuma na kujificha chini ya kamyo, na mimi, nikihofia kioo cha kabini kitapasuka, nikamfuata na kikapu changu tumboni. Mawe yalipoisha ikaanza mvua yenyewe, na haikuacha. Ilikuwa kama mbingu zinalipa kwa siku moja yote ziliyoyanyima tangu mwanzo wa msimu.

Hapa niwaambie kitu kimoja cha faida. Watu watawaambia apareyi ikilowa mwitumbukize katika mchele. Mchele una unga, na unga unaingia kwenye vitufe. Mimi nilikuwa nachukua makala makavu, nayafunga imara ndani ya kitambaa kizito, naweka kando ya apareyi ndani ya kikapu na kufunika. Makala yanavuta unyevu. Na ukitoka kwenye baridi ya mvua kuingia kwenye joto la watu, usifungue haraka, iache kwanza izoee, la sivyo lenzi itatokwa jasho kama bwana harusi.

Barabara wakati ule bado ilikuwa ya udongo sehemu kubwa, na udongo wetu mnaujua. Papa Kazadi alianza na Bikira Maria. Jioni alikuwa Kwaresima. Kesho yake asubuhi tulizama mpaka ekseli, na waliotutoa ni wale vijana wanaosukuma makala kwa baiskeli kwenda mjini, ambao nao walikuwa wamekwama. Tulisukuma wote. Papa Mwansa alivaa kaptula na kusukuma katikati yetu, matope mpaka kwenye ndevu, na kila tulipopumzika alifungua mlango wa kabini kuangalia suti. Vijana wa makala walimuuliza nani amelala humo ndani. Akajibu kwamba ni bwana harusi.

Tuliposukuma ndipo nikapata foto zangu nzuri za barabarani. Nilikwisha jifunza kwa Papa Gaston kwamba mtu hawezi kuamrishwa kucheka. Ukimwambia cheka, anakuonyesha meno. Mpe sababu ya kukucheka wewe, kisha uwe tayari. Mimi nilianguka matopeni bila kukusudia, kwa makalio, mkono mmoja umeinua apareyi juu. Nikapiga hapo hapo nilipokaa. Sijapata tena nyuso za furaha kama zile.

Jumapili, misa ikiwa karibu kuanza, tulifika kwenye mto mdogo wa mwisho kabla ya Kasomeno. Wakati wa jua ule mto unauvuka na viatu mkononi. Siku ile ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, rangi ya chai ya maziwa, na magogo ya daraja yalikuwa yamekwenda zake. Zilibaki nguzo chache za upande wetu. Papa Kazadi alizima gari. Hakuwa na wimbo.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na watu waliokuja kutazama maji, na mmoja wao alipotutambua alikimbia kwenda Kasomeno. Papa Mwansa alioga kwenye kidimbwi, akajipangusa na shati, akavaa suti. Ilimkaa vizuri kabisa, ya rangi ya majivu. Akasimama ukingoni. Baada ya muda tukaona watu wanashuka njia, wengi, kanisa zima, kwaya na sare zao, padri amekunja kanzu mpaka magotini. Mbele yao, na mwavuli, gauni jeupe, Maman Chola.

Walitazamana. Maji yalikuwa yanafanya kelele, mtu akiita sauti inakufa katikati. Papa Mwansa aliinua mkono, na bibi yake akainua mwavuli.

Hapo vijana wawili wa upande wetu walimwendea mzee. Walikuwa na bidoni tupu za mafuta zilizofungwa kwa kamba, walisema wanaweza kumvusha, asubuhi wamevusha mbuzi. Papa Kazadi aliwauliza mbuzi yuko wapi. Walisema mbuzi alifika, lakini chini zaidi. Mimi nilimshika mzee mkono, nikamwambia hilo si jambo la mtu wa umri wake, maji yatapungua, jubile inaweza kungoja. Alinitoa mkono bila hasira.

“Alinivalia gauni,” akasema. “Miye nitabakia huku namna gani?”

Akaanza kuvua koti. Akalikunja, akanipa nilishike, akainama kufungua viatu. Naona mpaka leo zile kamba za viatu. Nilikuwa nimewahi kuona mto ukichukua mtu mwenye nguvu kuliko yeye.

Maman Chola aliona. Hakupiga kelele, ingekuwa kazi bure. Alimpa mwanamke wa pembeni mwavuli wake, akavua viatu vyake naye, akavipanga vizuri mmoja kando ya mwingine, na akaingia majini. Hatua kwa hatua, na gauni lile, mikono imenyooka pembeni. Watu wa kwaya walimkimbilia, akawafukuza kwa kidole. Maji yalimfika kwenye miguu, yakapanda. Kisha akasimama, akamwangalia bwana yake.

Kila mtu alielewa. Ukiingia, na mimi naingia.

Papa Mwansa alibaki ameinama, kamba mkononi. Yeye alipoinuka, na Maman Chola akarudi nyuma hatua moja. Yeye akavaa kiatu, na bibi yake akatoka majini. Mzee alinigeukia na kuchukua koti lake.

“Huyu mwanamuke,” akasema akilivaa, “ananishinda tangu tuko batoto.”

Padri wao alikuwa kijana mwenye akili ya haraka. Tuliona anaongea na Maman Chola, wanacheka, kisha akafungua kitabu chake pale pale ukingoni. Tukaelewa kwamba misa ya jubile imehamia mtoni. Sisi wa upande huu tulivua kofia, hata wale wa bidoni. Padri alisoma, hatukusikia hata neno. Akainua uso, akamwelekea Papa Mwansa na kungoja.

“Anasema nini?” mzee aliniuliza.

Nilimwambia kwamba nadhani anamuuliza kama bado anamtaka yule mama.

“Sasa atasikia namna gani nikijibu?”

Papa Kazadi alipanda kabini na kukandamiza honi. Ilikuwa honi ya kamyo kubwa, ng'ombe wangeisikia Kasenga. Ng'ambo ya pili kwaya yote iliruka, kisha wakaanza kupiga vigelegele. Padri akamgeukia Maman Chola na kumuuliza yeye. Aliangalia mbingu, akaangalia gauni lake lililolowa, akamwangalia mzee kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa, mpaka hata sisi tukaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akauchukua tena mwavuli wake, akaufungua na kuuinua juu kabisa.

Sasa kazi. Ukisimama nyuma ya mtu mmoja ukampiga mwenzake aliye ng'ambo, huyu wa karibu anakuwa jitu, na yule wa mbali anakuwa sisimizi. Nilitaka wawe sawa. Nikakimbia kandokando ya mto mpaka kwenye kona, pale mto unapopinda, ambapo ukingo huu na ukingo ule unaziona kwa umbali mmoja. Kulikuwa na kichuguu kikubwa, mnajua vichuguu vyetu, kirefu kupita nyumba. Nilikipanda kwa mikono na magoti, kikapu nimekiuma kwa meno. Juu yake nilisimama kwa mguu mmoja na nusu. Mawingu yalifunguka kidogo upande wa mashariki, mwanga ukashuka juu ya maji, na nikawapata: mzee na suti yake kushoto, mama na mwavuli wake kulia, na mto wote katikati, mwekundu. Nilipiga mpaka kadi ikajaa. Kushuka nilishuka kwa makalio tena.

Maji yalipungua siku chache baadaye. Watu wa Kasomeno waliweka magogo mapya, na Papa Mwansa alivuka akiwa wa kwanza, suti mkononi. Tulikula jubile kwa kuchelewa, bukari, huo ugali wetu, samaki, munkoyo wa kunywa uliokuwa umechacha zaidi ya kiasi, na hakuna aliyelalamika. Mlangoni mwa kanisa niliwapiga foto moja haraka haraka, kwa desturi tu, wamesimama wameshikana mikono. Mzee alikuwa ameshikwa na mafua ya matope, akapiga chafya, akafumba jicho. Mvua nyingine ilikuwa inakuja na nilikuwa na akili ya kurudi. Sikurudia.

Vijana wa Kasomeno walikuwa wameipiga foto ya mto kwa simu zao kwenye kioo cha apareyi yangu, na iliponitangulia Lubumbashi, sikupata kupumzika. Watu nisiowajua walinisimamisha sokoni. Mtoto wa Papa Gaston alikuja nyumbani kuniambia kwamba marehemu baba yake angejivuna, na nikalia kidogo. Niliitengeneza kubwa, nikaitia fremu ya mbao nzuri na kioo, nikaifunga mablanketi kama mgonjwa, na safari iliyofuata nikaipeleka Kasomeno mwenyewe. Ile ndogo ya mlangoni niliitia ndani ya bahasha, nyongeza tu.

Papa Mwansa aliisifu kubwa sana, akaita majirani. Maman Chola alileta kiti, akaketi mbele yake, akaitazama kwa adabu, muda mrefu. Kisha akafungua bahasha. Aliitoa ile ndogo, akaipangusa na kikwembe chake ingawa haikuwa na vumbi, akaenda kuiweka ukutani kwa msumari uliokuwa pale tayari.

Nilimuuliza kama kubwa haikumpendeza.

“Iko muzuri, mwanangu,” akasema. “Lakini humu simugusi.”

Akanipakulia bukari, na fremu nikairudisha kwenye kamyo.

Basi, vijana, ile mnayoiona sebuleni kwangu mkija, ile mnayoipiga foto kwa simu zenu, si kwamba niliwanyima wenyewe. Ilirudishwa. Wageni wanaisifu na mimi nawashukuru, kwa kuwa kazi ilikuwa kazi, na kichuguu kile nisingekipanda leo. Lakini mkiniuliza foto yangu iliyo bora iko wapi, iko Kasomeno, ndogo kama kiganja, imepinda upande mmoja, na bwana amefumba jicho.